Skrini Haina Masikio: Maoni ya Mama na Mtoto Katika Maktaba za Simuni

Msimulizi wa zamani hakuwa na haja ya kuuliza kama hadithi yake imependeza. Alisema "Paukwa", watoto wakaitikia "Pakawa", na katika mwitiko ule alipata habari zote alizozitaka. Sauti zikiwa dhaifu, alijua usingizi umeingia. Mtoto mmoja akiuliza, "Kwani Sungura alitokaje kisimani?", alijua kuna mahali amepapita mbio. Usiku wa pili aliisimulia hadithi ile ile kwa namna nyingine, akapaeleza palipokuwa na kiza na kupafupisha palipochosha. Hivyo ndivyo hadithi zetu zilivyosuguliwa kizazi baada ya kizazi, hadi zikawa laini kama kizingiti cha mlango wa kale.

Leo sehemu ya kazi hiyo imehamia kwenye simu. Watoto wanaporudi chuoni na chakula cha usiku kingali jikoni, simu ya mama ndiyo kabati la vitabu katika nyumba nyingi. Ni neema kubwa, kwani kitabu cha dukani kina bei, na maktaba ya umma i mbali na vijiji vingi vya mwambao wetu. Lakini skrini haina masikio. Haijui kama mtoto amecheka au amepiga miayo, wala haioni kidole kilichosimama juu ya neno asilolijua. Ikiwa itasikia lolote, itasikia kwa sababu mtu mzima aliyeketi kando ya mtoto amechukua taabu ya kuiambia.

Makala haya yanahusu taabu hiyo ndogo, na faida yake iliyo kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Vitabu vyatoka wapi?

Katika maktaba za kidijitali za watoto ambazo mzazi wa Kenya aweza kuzifungua bila malipo, mbili zastahili kutajwa. Ya kwanza ni African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Johannesburg, uliofungua tovuti yake mwaka 2014 na kufanya majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwao. Ya pili ni StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyozinduliwa tarehe 8 Septemba 2015, siku ya kimataifa ya kusoma na kuandika. Zote mbili zina hadithi za Kiswahili, na zote mbili zimepanga vitabu kwa ngazi, kuanzia vile vyenye neno moja au mawili katika ukurasa hadi vile vyenye aya nzima.

Jambo linalozitofautisha maktaba hizi na duka la vitabu ni leseni. Vitabu vyake vimetolewa chini ya leseni huria, yaani mtu yeyote aruhusiwa kuvisoma, kuvichapa, kuvitafsiri na hata kuvirekebisha, maadamu awataje waliovitunga na kuvichora. Mwalimu wa Kwale aweza kuichukua hadithi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuifasiri kwa Kidigo. Mama wa Lamu aweza kuandika hadithi yake mwenyewe, akachagua picha katika hazina iliyomo humo humo, na kabla ya siku kwisha watoto wa mbali wakawa wanaisoma.

Mlango ulio wazi namna hiyo huingiza kheri nyingi, na pamoja nayo huingiza makosa. Mfasiri aweza kuwa na nia njema na Kiswahili cha kukisia. Picha iliyochorwa kwa ajili ya hadithi moja yaweza kutumiwa katika hadithi nyingine isiyolingana nayo. Wahariri wa maktaba hizi ni wachache, na lugha wanazozihudumia ni nyingi mno. Waswahili wamesema kinyozi hajinyoi. Mwandishi hawezi kuyaona makosa yake yote, na mhariri aliye nchi nyingine hawezi kujua kwamba neno fulani limemkwaza mtoto wa Mtwapa.

Hata hivyo, kitabu cha karatasi kikishachapwa, kosa lake huishi nacho hadi kurasa ziliwe na mchwa. Kitabu cha kidijitali chaweza kusahihishwa leo, na kesho kila mtoto atakayekifungua akakuta sahihi. Sharti lake ni moja, nalo ni kwamba aliyeliona kosa aseme.

Watoto waliowafunza wakutubi

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha jinsi maoni ya watoto yalivyoweza kuigeuza maktaba nzima. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mtafiti Allison Druin na wenzake walijenga Maktaba ya Kidijitali ya Kimataifa ya Watoto, iliyozinduliwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na Internet Archive. Hawakuijenga kwanza kisha wakawaita watoto waje kuisifu. Waliwaweka watoto wa miaka 7 hadi 11 katika kundi la wabunifu tangu mwanzo, wakikutana nao mara kwa mara baada ya masomo.

Wakutubi wamezoea kupanga vitabu kwa jina la mwandishi, kwa anwani na kwa mada. Watoto walionyesha kwamba wao hawatafuti hivyo. Mtoto wa miaka saba hamjui mwandishi, na akijaribu kuandika jina lake atakosea tahajia, kisha mashine imjibu kwamba hakuna kitu. Watoto walitaka kutafuta kitabu kwa rangi ya jalada. Walitaka kujua kama ni kirefu au kifupi, kama habari zake ni za kweli au za kubuni, kama wahusika ni wanyama au watu, na kama kitamfanya msomaji acheke au aogope. Kwa hiyo maktaba ile ikawekewa vitufe vikubwa vya picha na vya rangi, ili mtoto asiyejua tahajia aweze kufika kwenye kitabu akitakacho.

Mtu mzima aweza kutabasamu akisikia kitabu kikitafutwa kwa rangi. Lakini na afikiri ni mara ngapi mwanawe amemwambia, "Nataka kile chekundu cha jana." Hapo mtoto amekwisha kutoa maelezo kamili kwa kadiri ya akili yake, na kazi ya maktaba ni kumwelewa.

Watafiti hao baadaye waliwafuatilia watoto 12 katika nchi nne, nazo ni Ujerumani, Honduras, New Zealand na Marekani. Waliona kwamba watoto walisoma vitabu vya aina nyingi zaidi, wakapata hamu ya kujua maisha ya mataifa mengine, na juu ya hayo wakaendelea kuzithamini maktaba za kawaida, za kukaa pamoja na wenzao. Kwa mzazi anayehofia kwamba skrini itamfukuza mtoto kwenye kitabu cha karatasi, hiyo ni habari ya kutuliza moyo, ingawa watoto 12 ni wachache na haifai kuwafanya hukumu ya dunia nzima.

Adabu yetu na ukweli wa mtoto

Ili watoto waseme kweli, watafiti wa Maryland walivunja kuta kati ya mkubwa na mdogo. Wote waliketi sakafuni, walivaa nguo za kawaida, waliitana kwa majina bila cheo, na hapana aliyetakiwa kunyosha mkono ili aruhusiwe kusema. Huko kwao njia hiyo ilifaa. Kwetu, mtoto kumwita shangazi yake kwa jina kavu ni kukosa adabu, na hatuna haja ya kuitupa adabu ili tupate maoni.

Lakini tukubali kwamba adabu ina upande wake mwingine. Mtoto aliyelelewa vyema, akiulizwa na mtu mzima kama amekipenda kitabu, atajibu "Ndiyo, nimekipenda", hata kama alilala ukurasa wa tatu. Amejifunza kwamba zawadi haitiwi kasoro. Jibu lake ni la heshima, ila halimsaidii mwandishi kwa lolote.

Dawa ni kuacha kuuliza swali linalotaka sifa. Kwanza, tazama. Angalia anaposimama, anaporudia, anaporuka ukurasa, anapocheka bila kuambiwa, na anapoanza kutazama dirishani. Andika namba ya ukurasa huo. Pili, uliza swali linalompa mtoto kazi ya heshima: "Lau mwandishi angekuja hapa nyumbani tukamkaribisha, ungemwomba aongeze nini?" Au, "Ungemsomea nani kitabu hiki, na ungeruka wapi?" Mtoto atakaa na kufikiri, kwa maana sasa hatii kasoro, anamsaidia mgeni. Tatu, mpe karatasi achore. Mtoto asiyeweza kusema kwamba mwisho wa hadithi umemtia huzuni ataweza kuchora mwisho anaoutaka yeye.

Watafiti wale walikuwa na njia nyingine iliyo rahisi sana kuigwa. Kila mtu, mdogo kwa mkubwa, aliandika alilolipenda, asilolipenda na wazo jipya, kila moja katika kikaratasi chake. Vikaratasi vyote vilibandikwa ubaoni, vinavyofanana vikawekwa pamoja, na mahali palipojaa vikaratasi pakajulikana kuwa ndipo penye kazi. Kwa kuwa karatasi haina umri wala cheo, maoni ya mtoto mwenye haya huonekana sawa na ya mkubwa mwenye sauti.

Asikiacho mama

Kuna makosa ambayo kompyuta hailijui hata moja, na mama wa mwambao huyasikia papo hapo. Hadithi iliyoandikwa Tanzania husema, "Bibi yake alimpikia uji." Huko bibi ni mama wa baba au wa mama. Mtoto wa Kenya, aliyezoea kusikia watu wakimwita mke "bibi", atashangaa kijana wa miaka sita ameoa lini. Si kosa la mwandishi wala la msomaji. Ni neno moja lenye nyumba mbili, na picha nzuri ya ajuza ubavuni mwake ingemaliza utata wote.

Tuseme kitabu cha ngazi ya kwanza, chenye neno moja katika kila ukurasa, kimeandika "Ndoo" chini ya picha ya chombo cha maji. Mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye kwao "ndoo" ni wito wa kumwambia mtu aje, atasoma sawasawa na ataelewa vingine. Vivyo hivyo "kuteka", ambako kwa Kimvita ni kucheka na kwa Kiswahili sanifu ni kuchota maji. Mtoto akisoma "macho" na kutamka "mato", au "mchele" na kutamka "mtele", hajashindwa kusoma. Amesoma, akaifahamu maana, akaitia katika lugha ya nyumbani. Mwalimu amwonyeshe umbo la sanifu bila kumwaibisha, na maktaba iambiwe kwamba wasomaji wa namna hii wapo.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, pamoja na utajiri wake wote wa tungo, kikawekwa kando. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kuisanifisha lugha ilianza kazi bila mjumbe Mwafrika. Hatuandiki haya kufukua ugomvi wa zamani, kwani Kiswahili sanifu kimetuunganisha na mamilioni ya watu. Twayataja kwa sababu safari ile wenye lugha hawakuulizwa, na safari hii mlango u wazi kwa kila mwenye simu. Tukinyamaza sasa, watoto wetu watasoma Kiswahili kilichoandikwa na wengine kuhusu maisha ya wengine, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Kosa, ugeni na lisilopendeza

Hata hivyo yafaa tupambanue mambo matatu ambayo huchanganywa sana. Kosa ni kitu kisicho sahihi kwa yeyote, kama vile tahajia mbovu, sentensi iliyofasiriwa neno kwa neno hadi ikapoteza maana, au picha isiyolingana na maneno. Hilo lisahihishwe. Ugeni ni kitu cha kweli ambacho mtoto wetu hakijui, kama theluji, au ngoma ya harusi ya kabila jingine. Huo si kosa. Ni faida ya kusoma. Lisilopendeza ni lile lisilolingana na malezi ya nyumba yetu, kama mavazi, chakula au mwenendo wa mhusika fulani.

Kwa hili la tatu, mzazi ana haki kamili ya kumchagulia mwanawe kitabu kingine. Lakini kuitaka maktaba inayosomwa na watoto wa dini na makabila mengi ifute kila kisichokuwa chetu ni ombi lisilo na insafu, na aghalabu halijibiwi. Lenye uzito zaidi ni kuonyesha kipungufu: kwamba binti yako ametafuta hadithi ya msichana aliyejitanda mtandio, anayekwenda shule na kucheka na wenzake, hakuiona, kwamba hakuna hadithi ya kungoja mwezi wa Idi, wala ya nahodha wa dau, wala ya bibi anayesuka ukili. Pengo likishatajwa kwa jina laweza kuzibwa. Na kwa kuwa leseni ni huria, aliyelitaja aweza kuwa wa kwanza kulizibia.

Neno linalofanyiwa kazi

"Kitabu hiki kibaya" ni maoni, lakini mhariri akiyapata hana la kufanya. "Mashallah, kizuri sana" nayo humfurahisha, kisha mambo hubaki yalivyokuwa. Maoni yanayofanyiwa kazi yana mambo matano: jina la kitabu, namba ya ukurasa, kilichoandikwa au kuchorwa, alichokifanya mtoto, na pendekezo. Mfano wake ni kama huu:

"Katika kitabu hiki, ukurasa wa 6, maneno yasema msichana anateka maji kisimani, lakini picha yaonyesha mfereji. Mwanangu wa miaka saba alisimama hapo, akaitazama picha mara mbili, akauliza kisima kiko wapi. Nashauri picha ibadilishwe, au maneno yawe 'anakinga maji mferejini'."

Ujumbe huo hauzidi mistari minne. Hauna hasira wala sifa. Mhariri aliye popote duniani aweza kuufanyia kazi kwa dakika chache, na baada ya hapo hakuna mtoto mwingine atakayekwama kwenye ukurasa ule.

Wajibu wa upande wa pili

Si haki kuwabebesha akina mama mzigo wote. Wenye maktaba nao wana wajibu, na wa kwanza ni kujibu. Mtu aliyeandika mara mbili bila kupata hata shukrani hataandika mara ya tatu. Si lazima kila pendekezo likubaliwe, ila lililokataliwa litajiwe sababu.

Wa pili ni kutodanganyika na hesabu. Mashine huhesabu kitabu kimefunguliwa mara ngapi, lakini kufunguliwa si kusomwa, na kusomwa si kufahamiwa. Kitabu chaweza kuongoza kwa sababu jalada lake lavutia, kisha kila mtoto akakiacha ukurasa wa pili. Tena, wasioonekana katika hesabu ndio wenye haja zaidi: asiye na fedha za bando, mwenye simu kuukuu isiyofungua picha nzito, mama asiyejua kuandika ingawa ana sikio kali la lugha. Huyo na apewe njia ya kutuma maoni yake kwa sauti, na vitabu viweze kupakuliwa mara moja vikasomwa bila intaneti.

Wa tatu ni amana ya mtoto. Kutoa maoni kuhusu kitabu hakuhitaji jina kamili la mtoto, picha yake, shule yake wala mtaa wake. Umri wake watosha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na yataka jambo hilo liwe kwa maslahi ya mtoto. Programu yoyote inayodai mengi kuliko umri na ukurasa, mzazi aiulize kwa nini kabla hajabonyeza kitufe cha kukubali.

Pa kuanzia

Penye wengi hapaharibiki neno. Kundi la akina mama wanne watano, wale wale wanaokutana kwa chama au kwa darasa la Alhamisi, laweza kuianza kazi hii kwa saa moja. Simu moja ipakue vitabu viwili vifupi nyumbani penye mtandao. Watoto wavisome kwa sauti, kila mmoja kwa zamu, mama mmoja akiandika kurasa walizosimama. Kisha zitolewe karatasi za aina tatu, za nilichokipenda, nisichokipenda na wazo langu, wakubwa na wadogo waandike au wachore. Mwisho, mwenye mwandiko mzuri akusanye yanayofanana, ayapange kwa mambo yale matano, na ujumbe upelekwe kwa maktaba husika siku hiyo hiyo, kabla haujasahauliwa.

Baada ya mwezi, watoto warudishwe kwenye vitabu vile vile. Wakikuta ukurasa waliousema umebadilishwa, watajifunza jambo ambalo hakuna somo la darasani liwezalo kuwafunza kwa wepesi huo: kwamba kitabu kimeandikwa na watu, kwamba watu hao husikia, na kwamba neno la mtoto likisemwa kwa adabu na kwa ushahidi laweza kufika Johannesburg au Bengaluru likarudi na jibu. Na wasipokuta mabadiliko, basi leseni ile ile yawaruhusu waiandike hadithi upya kwa mkono wao, inshallah, na kisima kikae mahali pake.